Kutatua Mafumbo na Michezo ya Kete kwa Njia ya Kompyuta Katika Darasa Lisilo na Kompyuta

Utangulizi

Mafumbo ya hisabati na michezo ya kete si mambo mageni kwa watoto wetu. Kabla hawajaanza shule wengi wamekwisha kuona mashimo yaliyochimbwa chini ya mwembe, na wazee wakisambaza kete huku wakitaniana. Katika makala haya tunakusudia kumweleza mwanachuo jinsi kompyuta inavyotatua mafumbo na michezo ya namna hiyo, na jinsi njia hiyo hiyo inavyoweza kufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa kokoto, chaki na ubao tu. Mifano yetu tumeichukua katika Wilaya ya Mbinga, na katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Lakini mwalimu wa mahali pengine aweza kuibadili ipatane na mazingira yake.

Yafaa tueleze kwanza kwa nini jambo hili lina uzito. Aghalabu fumbo huletwa darasani katika dakika tano za mwisho wa kipindi, kama pipi ya kuwatuliza watoto. Mwanafunzi mmoja mwepesi hupaza sauti na kutaja jibu, mwalimu humsifu, wenzake hamsini huliandika katika madaftari. Tujiulize: hao hamsini wamejifunza nini? Wamepata jibu la fumbo moja, ambalo huenda wasilikute tena maishani. Hawakupata njia. Tena, wengi wao wameondoka na imani mbaya zaidi, yaani kwamba hisabati ni karama ya watu wachache, na kwamba wao hawakujaliwa.

Njia ya kompyuta yaweza kuivunja imani hiyo, kwa sababu haitegemei wepesi wa kubahatisha. Hutegemea utaratibu, na utaratibu hufundishika kwa kila mtoto.

Kompyuta hufanya nini?

Watu wengi hudhani kuwa kompyuta hutatua fumbo kwa sababu ina akili kuliko binadamu. Sivyo. Mtu aliyetunga programu ameiagiza ifanye mambo manne, nayo huyafanya upesi bila kuchoka:

1. Kuandika kila hali ya fumbo kwa alama fupi.
2. Kutafuta, kutoka katika kila hali, hatua zote zinazoruhusiwa.
3. Kukumbuka hali ilizokwisha kuzipitia, ili isizunguke mahali pamoja.
4. Kutoacha njia yoyote kabla ya kuichunguza.

Mwanachuo ataona kwamba hakuna hata moja kati ya haya linalomshinda mtoto wa miaka kumi na mmoja. Kinachomshinda ni wingi tu. Kwa hiyo kazi ya mwalimu ni kuchagua mafumbo ambayo wingi wake unatosha mkono wa mtoto.

Somo la kwanza: Kuvuka Mto Ruhuhu

Shabaha: Mwanafunzi aweze kuorodhesha hali zote za fumbo, kuzikataa zisizoruhusiwa, na kuonyesha njia fupi kuliko zote.

Zana: Kipande cha gome kiwe mtumbwi, kokoto tatu zilizotiwa alama, chaki na ubao.

Fumbo: Mtu amefika ukingoni mwa Mto Ruhuhu, ambao huingia katika Ziwa Nyasa. Ana chui, mbuzi na gunia la mahindi. Mtumbwi wachukua yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, chui atamla mbuzi. Akimwacha mbuzi na mahindi, mbuzi atayala mahindi. Atavushaje vyote salama?

Fumbo hili ni la kale. Limo katika mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 804, ambaye mafumbo yake yalikusudiwa kunoa akili za vijana. Mafumbo ya kuvuka mto yenye wanyama mbalimbali husimuliwa pia katika sehemu nyingi za Afrika.

Hatua ya 1. Wagawe wanafunzi katika vikundi vya watu watano, kila kikundi kiwe na mwandishi wake. Waache wavushe kokoto kwa dakika kumi bila msaada. Wengi watampeleka mbuzi kwanza, kisha watarudi na kumchukua chui au mahindi, halafu watakwama. Usiwaambie jibu.

Hatua ya 2. Wafundishe kuandika hali. Kila hali iandikwe kwa tarakimu nne kwa mpangilio huu: mtu, chui, mbuzi, mahindi. Tarakimu 0 iwe ukingo wa mwanzo, na 1 iwe ng'ambo. Hivyo mwanzo ni 0000, na mwisho tunaoutaka ni 1111. Hali 1010 ina maana kwamba mtu na mbuzi wako ng'ambo, chui na mahindi wamebaki.

Hatua ya 3. Waulize: hali zote zawezekana kuwa ngapi? Kila kimoja kati ya vinne kina nafasi mbili; basi 2 × 2 × 2 × 2 = 16. Vikundi viziandike zote 16, kisha vifute zile zenye hatari. Zitafutwa sita: 0110, 0111, 0011, 1000, 1001 na 1100. Zitabaki kumi.

Hatua ya 4. Wachore duara kwa kila hali kati ya hizo kumi, na mstari baina ya hali mbili ambazo mtumbwi waweza kuziunganisha kwa safari moja. Hapo njia yenyewe itajitokeza ubaoni:

0000 – 1010 – 0010 – 1110 – 0100 – 1101 – 0101 – 1111

Ni safari saba. Watoto wataona pia kwamba kutoka 0010 kuna njia ya pili, yaani 1011 na 0001, ambayo hukutana na ile ya kwanza katika 1101. Kwa hiyo majibu mafupi ni mawili, wala hakuna la tatu. Na twaweza kusema hivyo kwa uhakika, kwa kuwa hali zote kumi zimo katika mchoro.

Maelezo kwa mwalimu: Angalia sana safari ya nne, kutoka 1110 kwenda 0100. Hapo mtu anamrudisha mbuzi alikotoka. Hii ndiyo sababu vikundi vilikwama mwanzoni. Mtoto huamini kwamba kila safari lazima ipunguze mzigo uliobaki, na kwamba kumrudisha aliyekwisha kuvushwa ni hasara. Kompyuta haina imani hiyo. Kwake kila mstari unaoruhusiwa ni mstari, uwe wa kwenda au wa kurudi. Mtoto akiisha kuiona safari hii katika mchoro wake mwenyewe, amejifunza jambo litakalomfaa katika maswali mengi ya hisabati: mara nyingine njia ya kufika hupita nyuma.

Kanuni ya kutorudia hali nayo isisahauliwe. Waonyeshe kikundi kilichokwenda 0000, 1010, 0000, 1010 pasipo mwisho. Kompyuta isiyoagizwa kukumbuka itafanya hivyo hivyo mpaka umeme ukatike.

Somo la pili: Kuanzia mwisho

Katika fumbo la kwanza mtu alicheza peke yake. Mchezo wenye wapinzani wawili ni mgumu zaidi, kwa kuwa nusu ya hatua huamuliwa na mwenzako. Hapa kompyuta hutumia hila ya pili: huanzia mwishoni mwa mchezo na kurudi mwanzoni.

Shabaha: Mwanafunzi aweze kujaza jedwali la ushindi na kushindwa kwa mchezo mdogo wa kete.

Zana: Kokoto 15 kwa kila wanafunzi wawili. Shule za Liuli na Mbamba Bay zina kokoto za ufukweni tele; shule za milimani zaweza kutumia maharage au buni.

Mchezo: Weka fungu la kokoto 15. Kila mchezaji kwa zamu yake huchukua 1, 2 au 3. Anayechukua ya mwisho ameshinda.

Waache wacheze mara tano au sita. Kisha andika ubaoni namba 0 hadi 15, na uulize hivi: mchezaji ambaye ni zamu yake, akikuta fungu lenye kokoto kadha wa kadha, atashinda au atashindwa, kama wote wawili wanacheza vizuri?

Fungu la 0 ni kushindwa, maana mwenzako amekwisha kuchukua ya mwisho. Fungu la 1, la 2 na la 3 ni ushindi, chukua zote. Fungu la 4 ni kushindwa, kwa kuwa utakalolifanya lolote litamwachia mwenzako 3, 2 au 1. Kanuni ya kujaza jedwali ni hii:

Fungu ni la ushindi iwapo kuna hatua hata moja inayomwachia mpinzani fungu la kushindwa. Fungu ni la kushindwa iwapo kila hatua inamwachia fungu la ushindi.

Watoto wakiendelea watapata kwamba mafungu ya kushindwa ni 0, 4, 8 na 12. Kwa hiyo mwenye kuanza na kokoto 15 achukue 3 na kumwachia mwenzake 12.

Hapa walimu wengi husimama, wakaandika ubaoni: «Gawanya kwa nne.» Tunawashauri wanachuo wasisimame hapo, kwani kanuni hiyo ni jibu la mchezo mmoja tu. Badili sheria kidogo: sasa mchezaji aruhusiwe kuchukua 1, 3 au 4. Mtoto aliyekariri «nne» atashindwa mara moja. Yule aliyejifunza kujaza jedwali ataanza tena kutoka sifuri na kupata mafungu ya kushindwa 0, 2, 7, 9 na 14. Tofauti baina ya watoto hawa wawili ndiyo tofauti baina ya kujua jibu na kujua njia, na mwalimu aweza kuipima kwa macho yake katika kipindi kimoja.

Michezo ya namna hii ina historia yake katika mashine. Mchezo wa mafungu uitwao Nim ulielezwa kwa ukamilifu na mwanahisabati Charles Bouton mwaka 1901. Nusu karne baadaye, mwaka 1951, kampuni ya Ferranti ilionyesha huko London mashine kubwa iliyoitwa Nimrod, ambayo kazi yake ilikuwa kucheza Nim na watazamaji.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika Amsterdam mwaka 2002. John Romein na Henri Bal waliutatua kabisa mchezo wa awari, ambao ni ndugu wa bao letu na huchezwa sana Afrika Magharibi. Una mashimo 12 na kete 48. Kwa kutumia vichakato 144 vilivyounganishwa, walijaza jedwali la hali 889,063,398,406, wakianzia mwisho kama watoto wetu walivyofanya kwa kokoto 15. Waligundua kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Kanada walitangaza kwamba drafti ya Kiingereza, ichezwayo katika miraba 64, nayo ni sare. Kazi hiyo waliianza mwaka 1989.

Somo la tatu: Bao na mpaka wa kuhesabu

Mwanafunzi mdadisi hatakosa kuuliza: je, bao la Kiswahili nalo laweza kujazwa katika jedwali? Swali hili ni zuri, na jibu lake lafaa kutafutwa darasani.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Huanza na kete 10 ubaoni na 22 za akiba, ambazo huziingiza moja moja wakati wa kunamua. Zikiisha huanza mtaji. Mtoto wa Umatengo aliyezoea kuona ngoro zimejipanga mstari kwa mstari mteremkoni hatapata taabu kuuchora ubao huu kwa mstari na mwiko.

Anzeni na ubao mdogo kabisa. Wape mashimo 2 na kete 4, na uulize kete zaweza kupangwa kwa namna ngapi. Wataandika (4,0), (3,1), (2,2), (1,3), (0,4). Ni namna 5. Kisha mashimo 4 na kete 8. Vikundi vigawane kazi. Jibu ni 165. Usiwape mashimo 8 na kete 16 wayaorodheshe, bali waambie jibu baada ya wao kukisia: ni 245,157. Waambie kwamba kila mara tuliongeza mashimo na kete maradufu tu. Kwa mashimo 32 na kete 64 idadi inakaribia 1 ikifuatwa na sifuri 25. Kompyuta inayochunguza mipango bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka milioni 300 kuipitia yote.

Kuna ugumu mwingine. Katika awari mchezaji husambaza kete mara moja, zamu ikaisha. Katika bao kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezaji aweza kuziokota na kuendelea, hata hatua moja ikazunguka ubao mara nyingi. Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht, walioandika mwaka 2002 juu ya kutunga programu ya bao, walilazimika kulishughulikia jambo hilo.

Basi kompyuta huchezaje mchezo usiomalizika kuhesabiwa? Hutazama mbele hatua chache, kisha hukadiria ni nani mwenye hali nzuri. Bingwa wa bao naye hufanya jambo linalofanana, lakini yeye huchagua mapema hatua mbili tatu zenye maana na kuziacha nyingine. Mtafiti Alex de Voogt aliuchunguza ubingwa wa wachezaji wa Zanzibar, akakamilisha tasnifu yake huko Leiden mwaka 1995. Watoto wakisikia kwamba wazee wachezao barazani wamekuwa somo la tasnifu ya chuo kikuu, watautazama mchezo wa kwao kwa heshima mpya.

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, andika shabaha katika andalio la somo kila mara. Wapo wazazi na walimu wenzetu waonao bao kuwa mchezo wa wavivu. Ukiwa na jedwali na mchoro wa hali mezani, utaweza kuwaonyesha hisabati iliyomo. Ukiwa na kokoto tupu, hutaweza.

Pili, katika jamii nyingi bao limehesabiwa kuwa la wanaume. Wasichana wasifanywe watazamaji. Mwandishi wa kikundi abadilishwe kila somo, na kila mtoto acheze.

Tatu, mtoto mwepesi anayetaja jibu upesi asinyamazishwe, bali apewe kazi iliyo ngumu zaidi: athibitishe kwamba hakuna njia fupi kuliko yake. Mara nyingi ataona kwamba kulipata jibu ni nusu ya kazi.

Nne, usimdanganye mtoto kwamba amejifunza kompyuta. Hajaigusa. Amejifunza namna ya kufikiri inayotumiwa na watunga programu, na siku atakapoketi mbele ya mashine atakuwa na jambo la kuiagiza. Mwenye mashine asiye na njia ya kufikiri atabaki kubonyeza vitufe.

Hitimisho

Kutatua fumbo si kutaja jibu. Ni kuonyesha kwamba hali zote zimeorodheshwa, zisizofaa zimekataliwa, na hakuna njia iliyoachwa nyuma bila kutazamwa. Kompyuta imelifanya hilo katika awari kwa sababu haichoki. Mtoto aweza kulifanya katika kuvuka mto na katika fungu la kokoto kwa sababu tumempimia kazi inayolingana na mkono wake. Shule isiyo na umeme wala mashine haina sababu ya kulikosa somo hili.

Maswali ya kujipima

1. Mvuvi ana mtumbwi unaomchukua yeye na vitu viwili. Andika upya mchoro wa hali za chui, mbuzi na mahindi. Safari fupi kabisa ni ngapi?
2. Jaza jedwali la fungu la kokoto 12 ambapo mchezaji huchukua 1 au 2. Kisha ulijaze tena ambapo anayechukua ya mwisho ndiye aliyeshindwa. Ni nini kilichobadilika?
3. Andaa somo la dakika 40 kwa darasa la watoto 60 ukitumia mchezo mmoja wa kete unaochezwa katika kijiji chako. Taja shabaha, zana, hatua na jinsi utakavyomtambua mtoto aliyepata njia na yule aliyekariri jibu.